Miaka Ishirini na Sita ya Kugeuza Wagonjwa

Siku mliponiaga hospitalini, mmoja wenu aliniuliza mbele ya wote: siri yangu ni nini, hata wagonjwa wangu wasioze migongo? Nilicheka tu, maana watu walikuwa wanataka kucheza dansi, na gramafoni ilikuwa ya kuazima. Sasa niko nyumbani kwangu Katuba, nina meza, nina karatasi, na mke wangu amechoka kuniona nikinyoosha mashuka yake. Basi najibu. Siri haipo. Kuna kazi, na kazi yenyewe ni kumgeuza mtu asiyeweza kujigeuza, kabla ngozi yake haijaoza pale anapolalia. Vyeo na mishahara sitaandika. Cheo changu cha mwisho kilishonwa kwenye blauzi, lile koti jeupe la kazini, na blauzi nimeirudisha.

Niliingia hospitali ya weusi ya Élisabethville, mji wetu huu wa shaba, katika miaka ya thelathini, wakati migodi ilipoanza kuita watu tena baada ya ile miaka mibaya ambayo wafanyakazi walirudishwa vijijini. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kutoka upande wa Kongolo, na alitaka niwe fundi wa injini kama yeye. Injini hazikunipenda. Padri wa parokia akaandika barua, na Jumatatu moja asubuhi nikasimama mlangoni mwa chumba kikubwa cha wanaume, shati limepigwa pasi, sijui hata nilichoitiwa.

Aliyenipokea ni Baba Kazadi, mtumishi mkongwe kuliko wote. Alikuwa mrefu, mkavu, na bega lake la kuume lilikuwa limeshuka chini ya lile la kushoto. Kusoma hakujua. Alinipa karai, kitambaa na kipande cha sabuni, akanisimamisha katikati ya vitanda thelathini.

“Unaona nini?”

“Minaona bagonjwa, Baba.”

“Angaria tena. Bale bote banajigeuza beye benyewe. Muntu anasikia kuumwa huku, anaenda kule. Mungu alimupa ile akili bila masomo. Sasa angaria ule wa pale ku dirisha. Tangu asubuhi hajatikisika. Ule njo kazi yako.”

Wiki za kwanza nilijifunza mambo ambayo sikuyakuta katika daftari lolote. Godoro la majani likilaliwa mwezi mmoja hufanya shimo katikati, kwa hiyo lazima lipigwe na kupinduliwa. Mkunjo wa shuka chini ya mtu asiyesikia maumivu ni sawa na kamba, na chembe za mkate mkavu ni mawe. Mkojo ukikaa chini yake kutwa, ngozi inalainika kama mhogo uliolowekwa. Usimburute mtu juu ya shuka. Mnyanyue, hata akiwa mzito na chakula cha mchana bado hujakila. Masera, mtawa wa Kibelgiji aliyesimamia chumba chetu, alipita kila asubuhi na rula ya mbao akiipitisha juu ya mashuka kuona kama yamenyooka. Tulimcheka alipotupa kisogo.

Kidonda chenyewe Masera alikiita kwa Kifaransa, eskari. Siku moja alimwambia daktari kwamba mtu wa kitanda cha saba ana eskari mgongoni, na jirani yake aliyefika siku hiyohiyo akaanza kutafuta suruali yake ili akimbie. Alidhani askari wamekuja kukagua vitambulisho. Tangu siku hiyo nilisema “kidonda cha kitandani”, na watu wakabaki na suruali zao mahali pake.

Mwezi wangu wa tatu kazini aliletwa mzee Chola, mkulima kutoka kando ya mto Kafubu, mmoja wa wale watu waliokuwa hapa kabla ya mji wenyewe. Alikuwa amepooza upande mmoja, mkono, mguu na ulimi. Binti yake alikuja kila siku mchana na bukari, ugali wetu, na samaki, akamlisha tonge moja moja. Mwezi ule Baba Kazadi alikuwa ameenda kwenye matanga huko Likasi, nami nilikuwa peke yangu upande wa dirishani.

Nikimwosha mzee Chola niliona doa juu ya mfupa wa mkia, jeusi kuliko ngozi nyingine, dogo kama kifuniko cha chupa. Nililigusa. Lilikuwa na joto, na gumu kidogo. Mzee hakulalamika, kwa kuwa hakuweza. Nikasugua kwa alkoholi ya kafuri, nikapaka poda, nikamlaza chali palepale juu ya doa lake. Kumlaza ubavu kulihitaji mtu wa pili, na kumwita mtu wa pili kulihitaji kueleza. Sikumwambia Masera. Niliogopa ile rula.

Siku ya tano doa likafunguka. Nilidhani nitaona mchubuko. Kumbe lile doa la juu lilikuwa mlango tu, na ndani kulikuwa na chumba kizima. Ngumi yangu ingeingia. Nyama ilikuwa imekufa chini kwa siku zote zile, huku mimi nikipaka poda juu ya paa. Homa ikafuata. Daktari akakata, akasafisha, akatikisa kichwa. Baada ya wiki mbili mzee Chola akafa.

Binti yake alikuja kuchukua vitu. Alisimama mbele yangu, hakupandisha sauti.

“Tata alikuya hapa na mukono na muguu yenye kufa. Mugongo yake ilikuwa muzima, ni mi mwenyewe nilimuosha. Hii kilonda ilitoka wapi?”

Nilimwambia ni ugonjwa. Akafunga bakuli zake katika kitambaa, akaondoka. Jibu la kweli nilikuwa nalo mdomoni: kilitoka kwetu, kilitoka kwangu. Sikumwona tena binti yule. Nimeandika hapa kile nilichopaswa kumwambia pale, na najua kwamba si sawa na kumwambia.

Baba Kazadi aliporudi nilimweleza yote. Hakunigombeza. Alinipeleka nyuma ya jiko la hospitali, akavua shati, akanionyesha lile bega lililoshuka. Juu yake palikuwa na kovu pana, la kung'aa, kama ngozi ya mtu mwingine imeshonewa pale.

“Mbele treni ifike huku, mi nilikuwa mupagazi,” alisema. “Tulikuwa banne ku tipoye, muzungu anaikala juu ya kiti, she tunabeba ku mabega. Iko kapita, musimamizi, mwenye kutembea pembeni. Anasema, badilisheni bega. Mi nilikuwa kijana, nikasema, bado haiume. Nikabeba. Mangaribi ngozi ikatoka na nyama. Mupagazi mwenye akili anabadilisha mbele ya kuumwa.”

“Na mugonjwa mwenye hasikie kitu?”

“Ule hana kapita. Kapita yake njo weye.”

Kisha akanipeleka kwa Masera, nikamweleza na yeye. Masera alikuwa mkali, lakini siku ile rula aliiweka mezani. Aliandika katika kitabu chake maneno machache, akaniuliza swali moja: lile doa lilikuwa na rangi gani? Nikasema nyeusi. Akafungua kitabu chake cha mafunzo, akanionyesha mstari unaosema tafuta wekundu. Ngozi aliyoiandikia mwandishi wa kitabu kile ilikuwa ngozi ya Ulaya. Kwetu wekundu hauonekani. Unaona mahali pamekuwa peusi zaidi, au pamepata rangi kama ya zambarau, pamevimba kidogo na kung'aa. Mara nyingi hata hilo huoni. Unagusa kwa mgongo wa mkono na kusikia joto, kisha unagusa pembeni kulinganisha. Masera alichukua kalamu, akaandika hayo pembeni mwa kitabu kwa mwandiko wake mdogo. Sijawahi kumheshimu mtu wa vitabu kama nilivyomheshimu yeye dakika ile.

Kuanzia hapo kila mgonjwa asiyejigeuza alitundikiwa kibao cha shule na chaki kitandani: kuume, mgongo, kushoto, na saa. Baba Kazadi, asiyesoma, alichora mstari ulioinama upande unaohusika. Saa tulizipata kwa king'ora cha kiwanda na kengele ya kanisa, na katikati yake kwa saa ya Masera. Kila saa mbili, kuzidi kidogo au kupungua kidogo, tuligeuza. Chini ya miguu tuliweka mito ya maganda ya mahindi ili visigino vining'inie hewani. Wenzetu wa vyumba vingine walituita wachoma nyama, kwa sababu kila mara tunapindua. Tuliwaacha waseme.

Wakati wa vita ya wazungu shaba ilitakiwa sana, na ajali zikawa nyingi. Ndipo aliletwa Mwamba. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, wa upande wa Kamina, golikipa wa timu ya kambi yao, mwenye masharubu aliyoyachonga kwa wembe kila siku. Ukuta wa udongo ulimwangukia mgodini na kumvunja uti wa mgongo. Kuanzia kitovuni kwenda chini hakusikia kitu. Alikuwa amelala juu ya ubao siku mbili kabla ya kufika kwetu, na alifika tayari na kidonda kwenye mfupa wa mkia, kipana kama kiganja.

Daktari alimpima, akazungumza na Masera kwa Kifaransa juu ya kitanda, kama watu wazungumzavyo juu ya meza. Walipoondoka Mwamba aliniita kwa neno lao la muuguzi.

“Infirmier. Docta amesema trois mois, myezi tatu. Mi nilisoma kwa bamon-père, bale bapadri, Kifransa nasikia. Trois mois ya nini?”

Nilikuwa nimeshadanganya mara moja maishani juu ya jambo hili. “Ya kuishi,” nilimwambia. “Anafikiri kilonda itakuua mbele ya mwezi wa ine.”

Alitazama dari. “Na weye unafikiri nini?”

“Minafikiri nitakugeuza sasa. Kamata hii chuma ya kitanda.”

Jambo la kwanza lililotupinga lilikuwa pete ya mpira. Ilikuwa imetoka Ulaya, nyekundu, unaipuliza kama tairi la baiskeli, na mgonjwa anakaa juu yake ili kidonda kiwe katika tundu bila kugusa kitu. Masera aliipenda sana, na kwa macho inaonekana ni akili. Baada ya siku tatu niliweka mgongo wa mkono kuzunguka kidonda cha Mwamba, nikakuta duara zima la joto, gumu, kama pete imechorwa kwa makaa. Mpira ulikuwa umebana pande zote na kuzuia damu isifike katikati. Nilimwita Masera, nikachukua mkono wake na kuuweka pale, jambo ambalo mtu mweusi hakulifanya kwa mtawa wa kizungu siku zile. Hakuuondoa.

“Nilifundishwa hivi Ubelgiji,” alisema, taratibu.

Baba Kazadi alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika miguu. “Masera, mugongo ya huyu haikusoma kule,” alisema.

Masera alifungua kizibo, akatoa upepo wote wa ile pete, akaikunja na kuipeleka stoo mwenyewe. Ilibaki kule. Nadhani panya waliimaliza.

Sasa nimtaje Ngoie, mke wa Mwamba. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mchache wa maneno, aliyeuza samaki wakavu sokoni. Siku ya kwanza alisimama pembeni nikisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Wake wengi hugeuza uso, na siwalaumu. Yeye aliinama akanusa.

“Hapa muko muzuri, bado mubichi,” alisema. “Lakini huku pembeni, chini, inaanza kuoza. Mi nauzisha samaki, yaya. Kintu yenye kuanza kuoza naijua mbele ya bantu bote.”

Daktari alipoangalia pale pembeni, alikuta mfuko mdogo wa usaha ambao hakuna kati yetu aliyeuona. Tangu siku ile Ngoie alinusa kidonda kila siku kabla yangu. Aliniita yaya, kaka mkubwa, nami nikamwita mama Ngoie. Nilimwambia kwamba nyama haijengwi na dawa peke yake, inajengwa na chakula, akaleta mayai, samaki, karanga za kusaga katika sombe ya majani ya mhogo, na akasimama juu ya kichwa cha mumewe mpaka bakuli liwe tupu. Mwamba alisema hata kocha wake hakumchunga hivyo.

Miezi mitatu ikapita. Kidonda kilikuwa bado wazi, lakini kilikuwa kimeanza kujaa nyama nyekundu kutoka chini, safi, kama ardhi inavyojaa maji taratibu. Hatukukosa zamu hata moja, isipokuwa Jumapili moja ambayo sitaitolea sababu. Mwezi wa nane tangu alipofika, ngozi ilikutana katikati. Daktari alikuja, akaangalia, akasoma karatasi yake ya zamani, akaangalia tena. Akaandika neno moja, fermé, kimefungwa. Hakusema kitu juu ya trois mois, nasi hatukumkumbusha.

Lakini kidonda kikifungwa, kitanda kinatakiwa. Amri ilikuja kwamba Mwamba apelekwe kijijini kwao kwa treni, kama walemavu wengine. Nilihesabu kichwani: safari ya siku mbili juu ya benchi la mbao, kisha machela, kisha kijiji ambacho zahanati iko mwendo wa siku tatu. Ngozi mpya ni nyembamba kama karatasi ya sigara. Nilikwenda ofisini kwa daktari pamoja na Masera na Ngoie. Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye vitanda vichache.

“Kijijini ana ndugu,” alisema. “Hapa mjini ataishi wapi? Nani atamtunza?”

Masera alifasiri. Ngoie hakungoja amalize.

“Kaka yangu iko na nyumba Kamalondo, anashona nguo. Tutaikala kule. Mi nitamugeuza.”

“Kila saa mbili?” daktari aliuliza. “Miaka yote? Mama, hata hapa tuko watu wengi na tunashindwa.”

“Niko na mikono mbili na hiyo kazi moya,” alisema Ngoie. “Shinaona shida iko wapi.”

Daktari alinigeukia mimi, aone kama nacheka. Sikucheka. Nikasema nitakwenda kumtazama kila Jumapili baada ya misa. Masera akasema kwa Kifaransa jambo refu ambalo sikulielewa lote, ila nilisikia jina la mzee Chola ndani yake. Daktari akatia sahihi, na yule kaka fundi cherehani akaenda kuomba serikalini ruhusa ya shemeji yake kukaa mjini. Walimzungusha wiki mbili, akaipata.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji, mtaa ambao unasikia kila ugomvi wa baa ya jirani. Ngoie hakujua kusoma, kwa hiyo kibao cha chaki hakikufaa. Alipiga misumari mitatu ukutani na kutundika kipande cha kitenge: msumari wa kuume, wa katikati, wa kushoto. Wifi yake, mke wa fundi, alimpokea zamu akienda sokoni, na mtu yeyote aliyeingia nyumbani, hata mteja aliyekuja kupima suruali, aliambiwa ashike miguu. Godoro alilishona mwenyewe, akalijaza maganda ya mahindi laini, akalichambua kila wiki kwa vidole kutafuta vigumu.

Mvua zilipoanza nilifika Jumapili moja nikakuta kitenge kiko katikati, na Mwamba kalala chali, uso ukutani. Masharubu yalikuwa yameota ovyo. Ngoie alikuwa amekaa mlangoni.

“Anakataa,” aliniambia. “Tangu juzi anakataa kugeuka. Namugeuza kwa nguvu, anajirudisha.”

Nilikaa karibu naye. Nikamwuliza kuna nini.

“Kyungu,” alisema, kwa mara ya kwanza akiniita kwa jina langu. “Mi nilikuwa golikipa. Sasa niko kama gunia ya mahindi, banapindua asubuhi, banapindua mangaribi. Muke yangu anazeeka. Niache nilale. Ile kilonda irudi, ifanye kazi yake.”

Ngoie alisimama, akafuta mikono, akaja upande wa pili wa kitanda.

“Sawa,” alimwambia mumewe. “Utakataa kesho. Leo unageuka.”

“Jana ulisema vilevile.”

“Na kesho nitasema tena. Yaya, kamata miguu.”

Tukamgeuza. Alilia, uso umeelekea ukutani, nasi tukanyoosha shuka kama vile hatusikii. Juu ya kovu palikuwa na joto, siku mbili tu na palikuwa na joto. Niliwaambia wote wawili bila kuficha: kuanzia leo hakuna kulala chali mpaka papoe, na ili kupumzisha matako lazima alale kifudifudi. Mwamba alisema kulala kifudifudi kutwa ni kama kuangalia sakafu mpaka ufe.

Kaka yake Ngoie alikuwa kwenye cherehani chumba cha mbele, anasikiliza yote kupitia mlango wazi. Alikuwa na mashati ishirini ya shule ya kumaliza na hakuna mtu wa kutoboa na kushona matundu ya vifungo. Aliingia na shati moja, sindano na uzi, akaviweka sakafuni chini ya pua ya Mwamba.

“Kwa sababu unaangaria chini,” alisema, “angaria hii.”

Tundu la kwanza lilikuwa baya kuliko jicho la mgonjwa. Fundi alilifumua. La pili akalifumua. La nne aliliacha. Jumapili iliyofuata nilikuta wameweka ubao mpana juu ya matofali mawili, Mwamba kifudifudi juu ya godoro, mto chini ya kifua, mikono huru mbele, anashona na kumlaumu shemeji yake kwa uzi mbovu. Masharubu yalikuwa yamechongwa. Mtu akianza kulalamikia vifaa, amerudi kazini.

Baadaye seremala wa mtaa huo alimtengenezea kiti chenye magurudumu ya baiskeli. Kiti kina hatari kuliko kitanda, kwa sababu uzito wote unakaa kwenye mifupa miwili na mtu anajiona mzima. Tulikubaliana kanuni: akimaliza tundu moja, ashike pembe za kiti, ajiinue kwa mikono, apumue mara kumi, ashuke. Mikono ya golikipa haikuwa imepotea. Wateja wapya walishangaa kuona fundi akipanda na kushuka kama mtu anayetaka kuruka, na waliozoea hawakuona tena. Mashati mengi ya watoto wa shule wa Kamalondo miaka ile, matundu yake yalishonwa na mtu aliyepewa miezi mitatu.

Aliishi miaka kumi na moja. Haikuwa yote mizuri. Mara mbili ngozi ilifunguka na mara mbili tukaifunga, na figo zilimsumbua. Baba Kazadi alikufa katikati ya miaka hiyo, na Masera alirudishwa Ulaya na ugonjwa wa moyo. Kitabu chake, chenye maneno ya pembeni, aliniachia mimi. Kiko kabatini chumba cha zamu, kitumieni. Mwamba alikufa mwezi wa sita, wakati wa ule upepo wa baridi, kwa kifua kilichomshika siku nne. Ngoie alinitumia mtu asubuhi. Nilipofika alisema, “Hapa hana ndugu ya kumuosha. Weye njo ndugu.”

Nilimwosha pamoja na fundi. Tulipomgeuza ubavu nilipitisha mgongo wa mkono, kwa mazoea, kutoka mabegani mpaka kwenye visigino. Ngozi ilikuwa nzima kila mahali. Lile kovu la mkia lilikuwa laini na kavu. Kisha tukamvalisha shati lake.

Baada ya arobaini Ngoie alikuja hospitalini, amevaa nguo za matanga bado. Nilidhani anataka karatasi fulani. Alisimama mlangoni mwa chumba chetu akihesabu vitanda kwa macho.

“Yaya, nyumbani shilale. Mikono inaamuka yenyewe, inatafuta mutu wa kugeuza,” alisema. “Hapa nani hajigeuze?”

Nilimwonyesha watatu. Alivua kitambaa cha mabega akaanza na wa karibu. Ninyi mnamjua, kwenye karatasi za hospitali ameandikwa msaidizi wa jikoni, kwa sababu hakuna aliyejua aandikwe nini. Diploma hana, blauzi hana, na wengine wenu wenye diploma mmekuwa mkimpita bila salamu. Yeye ndiye anayewafundisha wake na mama za wagonjwa kabla hawajarudi kwenye mitaa yao ya Katuba, Kenya au Ruashi, kwa misumari na vipande vya kitenge. Akisema mahali fulani panaanza, msibishane naye. Geuzeni kwanza, mbishane baadaye.

Siku yangu ya mwisho kazini, mchana, kabla ya mambo ya hotuba, aliletwa kijana wa Ruashi aliyeanguka kutoka juu ya paa la nyumba aliyokuwa akiijenga. Miguu haikusikia kitu. Daktari mpya alikuwa anamweleza baba yake kwa sauti ya chini kwamba wasitegemee mengi. Mimi nilikuwa nimeshavua blauzi, niko kwa shati langu la kawaida, nimeshika kofia. Ngoie alikuwa tayari ameingiza mkono chini ya mgongo wa kijana yule, macho yake yako mbali kama mtu anayesikiliza.

“Iko na joto hapa,” alisema. “Yaya, kamata mabega.”

Nikaweka kofia juu ya kitanda cha jirani, nikakamata.